Msumari wa Usalama

Nchi ninayoieleza hapa ipo, lakini jina lake sitalitaja, kwa sababu kutaja jina la nchi kunahitaji kibali, kibali kinahitaji picha mbili ndogo, na mimi mara ya mwisho nilipigwa picha nikiwa na surua. Naomba msomaji asijaribu kubahatisha. Kila anayebahatisha hupatia, na huo ndio ubaya wenyewe.

Katika nchi hiyo umeme unaheshimiwa kuliko wazazi. Ipo Wizara ya Nuru na Utaratibu, yenye ghorofa tisa na lifti moja inayotumika kuhifadhia mafaili. Wizara hiyo ndiyo iliyotunga Sheria ya Kibao. Kila jengo lenye umeme lazima liwe na Kibao cha Usalama, yaani bati nene la ukubwa wa kisahani cha chai, lililochongwa maneno UMEME WA HUMU NI SALAMA, na chini yake uso wa Waziri akicheka. Sheria inataka kibao kipigiliwe ukutani kwa msumari wa inchi sita, shubiri moja juu ya swichi kuu, katikati kabisa, bila kupinda.

Mimi sikusomea umeme. Fizikia nilifundishwa na mwalimu ambaye pia alifundisha dini na kusimamia mabanda ya kuku. Lakini hata mimi najua kwamba waya unaolisha swichi kuu hushuka ndani ya ukuta kutoka darini, shubiri moja juu ya swichi, katikati kabisa, bila kupinda.

Basi hivyo ndivyo ilivyo. Nyumba isiyo na kibao ni haramu na haimdhuru mtu. Nyumba yenye kibao ni salama kisheria, na ukikigusa kinakuuma hadi kwenye meno. Wananchi wamezoea. Wanaita hali hiyo kusalimiwa na Serikali. Wakaguzi wa Wizara hawasalimiwi sana, kwa kuwa wao hupewa mabuti ya mpira, marefu hadi magotini. Mabuti hayo hayauzwi madukani. Ni ya wakaguzi tu, ili kuonyesha cheo.

*

Shule yetu ya bweni ilipata kibao chake jikoni, kwa sababu swichi kuu iko jikoni. Na kwa kuwa jiko letu linatumia kuni, na uso wa Waziri haupaswi kuwa na masizi, kanuni ya saba inaagiza kibao kifutwe kila asubuhi kwa kitambaa chenye unyevu.

Mpishi wetu aliitwa Mzee Lubuva. Alitupikia miaka kumi na tisa. Alikuwa akitugawia ukoko wa wali kwa zamu, na zamu yako akiisahau anakuomba radhi mbele ya watu, kitu ambacho hakuna mwalimu yeyote aliyewahi kukijaribu. Jumanne moja baada ya uji alilowesha kitambaa, akasimama peku kwenye sakafu iliyojaa maji ya kuoshea masufuria, akamfuta Waziri paji la uso. Hakumaliza kidevu.

Ikaja Tume. Ilikaa siku tatu na kula kuku wote wa mwalimu wa fizikia. Ripoti yake ina kurasa arobaini, nami nimeisoma, kwa sababu ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo kama onyo. Hitimisho linasema: "Marehemu alikigusa kibao bila kukiheshimu." Pendekezo linasema mtu akitaka kukifuta, kwanza ainame.

Halafu Serikali ikaonyesha huruma. Ikampa mjane wake, Bi Kashindye, kazi ileile ya mumewe, jiko lilelile, ukuta uleule. Katika barua ya ajira, jukumu la kwanza lilikuwa kufuta kibao. Kupika lilikuwa la nne.

Bi Kashindye hakulia mbele yetu. Alikitazama kibao kile, akakiinamia kama alivyoagizwa, kisha akafunga kitambaa kwenye ncha ya mwiko mrefu wa mti, akapanda juu ya kreti la soda, akamfuta Waziri kwa mbali kama mtu anayemlisha mamba. Alifanya hivyo kila asubuhi kwa miezi minne. Hakuumwa hata mara moja.

*

Mwezi wa tano akaja Mkaguzi wa Daraja la Kwanza, Bwana Gwandumi, na mabuti yake. Alikuja na dereva pamoja na nyundo ya Serikali, iliyokaa kiti cha mbele na kufungwa mkanda. Dereva alikaa kiti chake. Bwana Gwandumi alikaa nyuma.

Alimkuta Bi Kashindye juu ya kreti, mwiko mkononi.

"Wewe mama! Unafanya nini?"

"Shikamoo, mheshimiwa. Namfuta Waziri."

"Kwa mwiko?"

"Mwiko ni safi, mheshimiwa. Ni wa ugali, siyo wa mboga."

"Mama, huyu ni Waziri. Hapakuliwi huyu! Shuka hapo juu. Tena umesimama kichwa chako kikiwa juu ya kichwa chake. Hilo ni kosa la pili."

"Kikinigusa kitaniua, baba. Kilimuua mume wangu palepale uliposimama."

Bwana Gwandumi alijitazama miguuni, akasogea kidogo, kisha akanyoosha mkono na kukigusa kibao kwa mgongo wa kidole. Akatabasamu kama mtu aliyeonja mchuzi akakuta umekolea.

"Kimenigusa mimi, nimekufa? Ni salamu tu. Kibao kizuri sana hiki." Akatoa daftari. "Nitarudi tarehe thelathini. Nikikuta kinafutwa kwa mwiko, huna kazi, na chumba cha shule unakitoka siku hiyohiyo. Kitafutwa kwa mkono wako, mbele yangu, peku kama heshima inavyotaka."

"Naweza kuazima mabuti yako, mheshimiwa?"

Dereva alicheka, akajifanya anakohoa. Bwana Gwandumi hakucheka. Aliandika kosa la tatu.

*

Baada ya hapo Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Rwegoshora, aliulizia bei ya kung'oa msumari. Hakufanya hivyo kwa ajili ya Bi Kashindye. Alikuwa na friji yake jikoni, iliyojaa soda na sangara wa kutoka kwao, na alihofia kwamba siku moja yeye mwenyewe ataegemea ukuta.

Kitabu cha Bei Halali cha Wizara kinaeleza wazi gharama za kung'oa msumari mmoja. Kuna ada ya kukifungua Kitabu. Kuna nauli ya Mkaguzi na posho ya nyundo, ambayo ni kubwa kuliko ya dereva kwa sababu nyundo ina mamlaka. Kuna malipo ya mashahidi wawili wa kushuhudia msumari ukitoka, na mmoja wa kushuhudia mashahidi. Pale ambapo msumari umeua mtu kuna ada ya masikitiko. Jumla ni milioni moja, laki tatu na elfu kumi na mbili.

Kisha akaitwa fundi wa mtaani, Mwantumu, jirani yake Bi Kashindye, mwanamke mwenye wajukuu wawili na bisibisi tatu. Alitazama ukuta, akapiga goti, akatazama dari.

"Elfu kumi na mbili," akasema. "Na chai."

"Na bila chai?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

"Kumi na tano."

"Una leseni?"

"Nina miaka ishirini na mbili kwenye kazi hii, mwalimu. Hakuna nyumba niliyoifunga waya ikaua mtu."

"Nimekuuliza leseni."

Hakuwa nayo. Na katika nchi hiyo, asiye na leseni akikigusa kibao cha Taifa kwa nia ya kukitoa, ni miaka mitano jela. Mwantumu alimtazama Bi Kashindye, aliyekuwa akichambua maharage kana kwamba maongezi hayamhusu. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na tatu.

"Dada," Mwantumu alisema, "nitakwenda kuitafuta hiyo leseni."

"Usijisumbue, Mwantumu. Hao watu watakuchosha."

"Bora wanichoshe mimi kuliko hicho kibati kikuchukue wewe."

*

Mtihani wa leseni ya ufundi umeme hufanyika ghorofa ya tisa, nasi tumeshasema habari za lifti. Watahini ni watatu, na hakuna aliyewahi kushika waya, sharti ambalo limewekwa ili wasiwe na upendeleo. Mwantumu alitusimulia mwenyewe huku akinywa uji wetu.

Swali la kwanza lilikuwa rangi za bendera ya Wizara. La pili lilikuwa siku ya kuzaliwa kwa Waziri. La tatu likamfurahisha, kwa sababu alidhani sasa wamefika kwenye kazi.

"Umewahi kupigwa shoti?"

"Mara tatu, waheshimiwa. Ndivyo nilivyojifunza kuzima kwanza."

Watahini walitazamana. Mmoja aliandika, na Mwantumu, ambaye anasoma maandishi yaliyogeuzwa kwa sababu ya kazi za darini, akayaona: "Ana historia ya ugomvi na umeme."

Hata hivyo alifaulu, kwa kuwa alikuwa ameijua siku ya kuzaliwa ya Waziri. Ni sikukuu ya kitaifa. Likabaki sharti moja dogo. Mwombaji lazima awe raia wa mfano, yaani nyumbani kwake pawe na kibao.

Kwa miaka yote Mwantumu alikuwa amekikwepa kibao. Alimlipa mjumbe wa mtaa, alifunika swichi kwa kalenda, mara moja alimficha Mkaguzi ukuta mzima kwa kabati. Alijua vizuri kitu gani kinapita nyuma ya pale msumari unapotakiwa kuingia. Yeye ndiye aliyekipitisha. Na ndani kulikuwa na wajukuu wawili wenye tabia ya kugusa kila kinachong'aa.

Alikaa siku moja akifikiri. Kisha akawaita Wizara wenyewe.

Bwana Gwandumi alikuja na nyundo. Akapiga, akagusa kwa mgongo wa kidole, akatabasamu. "Safi," akasema. Mwantumu akapewa leseni yenye mhuri wa dhahabu, na gari la Serikali lilipokata kona, alipanda kwenye nguzo ya mita, akaukata waya wa nyumba yake mwenyewe, akauviringa na kuuweka uvunguni. Kung'oa msumari nyumbani kwake kungemfutia leseni. Kukaa gizani hakukuwa kosa, kwa sababu Wizara haikuwahi kufikiri kwamba mtu atachagua.

Toka siku hiyo fundi pekee mwenye leseni wilayani kwetu alikuwa akipika kwa kibatari. Wajukuu walikigusa kibao, hakikuwafanya kitu. Nadhani ilikuwa nyumba pekee nchini ambayo kibao chake kilisema kweli.

*

Tarehe ishirini na nane Mwantumu alikuja jikoni na leseni shingoni. Alizima swichi ya nje, ile ya kwenye nguzo, akaung'oa ule msumari. Ulikuwa mweusi kwenye ncha. Bi Kashindye aliomba ashikishwe. Aliugeuzageuza mkononi, akaufunga kwenye pindo la khanga yake, akarudi kwenye maharage.

Sheria ilisema msumari mpya lazima upigwe palepale. Mwantumu alikuwa ameisoma sheria mara mbili na kuona kwamba inataja mahali pa msumari, lakini haitaji mahali pa waya. Basi akauhamisha waya. Akaupitisha chini, ndani ya ukuta, karibu na sakafu, ukaingia kwenye swichi kutokea upande wa chini. Akawasha tena, na juu ya swichi pakabaki ukuta mtupu. Hata ungepigilia misumari hamsini pale, ungeua matofali tu.

"Sasa aje," alisema Mwantumu, akinywa chai yake ya mkataba.

Tarehe thelathini akaja. Sisi wa Bweni la Tatu tulikuwa tumeadhibiwa kuosha masufuria, kwa kosa ambalo halina uhusiano na habari hii na ambalo halijathibitishwa, kwa hiyo tuliona yote.

Bwana Gwandumi alikipigilia kibao kwa msumari mpya, shubiri moja juu ya swichi, katikati kabisa. Akagusa kwa mgongo wa kidole. Akasubiri. Akagusa tena. Akalamba kidole, akagusa mara ya tatu.

"Kazi hii ni mbovu," alisema.

"Ubovu wake uko wapi, mheshimiwa?" Mwantumu aliuliza.

"Kibao hakiumi."

"Si ndiyo usalama wenyewe?"

"Binti, nina miaka kumi na sita katika kazi hii. Vibao vyote nilivyovipitisha vinauma. Kibao kisichouma maana yake Serikali haijafika."

"Hilo haliko kwenye sheria. Na mimi siyo binti, nina wajukuu."

"Liko kwenye uzoefu. Waya umepita wapi?"

"Mkaguzi ni wewe."

Mabwana, nimeona mengi katika shule hii, pamoja na panya aliyepikwa kwenye kisamvu na mwalimu wa zamu akasema ni viungo. Lakini sijawahi kuona jambo la kutia kichefuchefu kama mtu mzima, mwenye mshahara, akitafuta waya wa umeme kwa misumari ili ahakikishe kibao kitamuuma mjane. Alipiga wa pili kulia. Akagusa. Akapiga wa tatu kushoto. Akagusa. Aliita hiyo "misumari ya utafiti". Ukuta wa jiko ukawa kama umeugua ndui. Mwalimu Mkuu alikuwa akimshikia boksi la misumari na kumpa mmojammoja, akisema, "Jaribu na pale, mheshimiwa."

Bi Kashindye alisimama kando, kitambaa kibichi mkononi, peku, akingoja kama alivyoagizwa. Alikuwa akihesabu kwa midomo. Nafikiri alikuwa akihesabu misumari. Huenda alikuwa akisali.

Kwenye msumari wa thelathini na moja Bwana Gwandumi alikuwa amefika chini kabisa, karibu na sakafu, hivyo ikabidi apige magoti. Lazima niseme hapa, kwa ajili ya historia, kwamba mtu fulani wa Bweni la Tatu alikuwa amemwaga ndoo ya maji ya masufuria mahali hapo muda mfupi kabla. Mtu huyo hajatambuliwa hadi leo. Namwombea kila siku.

Mabuti ya mpira ni kitu kizuri sana, lakini mtu aliyepiga magoti huyaacha nyuma.

Akagusa kwa mgongo wa kidole.

Hakutabasamu. Alitoa sauti ambayo haimo katika Kitabu cha Bei Halali, akaruka kinyumenyume na kuketi juu ya gunia la maharage, kofia ikiwa imegeukia nyuma. Mwantumu alikuwa ameshakimbilia swichi ya nje na kuizima. Tulidhani sasa ameelewa. Kweli nilidhani hivyo. Mimi, ambaye siamini hata ratiba ya chakula, niliuona uso wake umekuwa wa kijivu, nikajiambia: huyu mtu sasa anajua Mzee Lubuva alijua nini.

Bwana Gwandumi alipapasa mfukoni, akatoa kalamu, akavuta fomu kwenye goti lake. Aliandika neno moja.

IMEPITA.

"Kibao kipigwe hapo hapo," alinong'ona. "Hapo chini. Panauma vizuri." Akageuka kwa Bi Kashindye. "Na wewe mama, kuanzia kesho, kwa mkono."

Wakambeba hadi kwenye gari. Nyundo ilibaki kiti cha mbele.

*

Mwalimu Mkuu alikipigilia kibao mwenyewe, akiwa amelala kifudifudi juu ya meza, kwa nyundo ya kuazima. Sasa kilikuwa usawa wa kifundo cha mguu, palepale Bi Kashindye anapoinamia kuosha masufuria.

Mwantumu alikuwa akikusanya vifaa vyake. Kisha akauliza:

"Dada, unaweza kupika bila taa?"

"Nimeweza kuishi bila mume," alisema Bi Kashindye. "Taa ndiyo itanishinda?"

Hapo ndipo leseni ile ilipoanza kuwa na faida. Mwantumu alitoka nje, akaenda kwenye ile swichi ya nguzo, ambayo bado ilikuwa imezimwa, akaifungia kwa kufuli lake na kutundika karatasi: "Umezimwa kwa usalama. Atakayewasha awe na leseni." Ni kanuni ya kumi na mbili, ameisoma. Mwalimu Mkuu alipiga kelele kuhusu friji. Alimtishia, kisha akambembeleza, kisha akatuma barua wilayani kuomba fundi mwingine mwenye leseni. Akajibiwa kwamba wilaya ina mmoja, naye ni raia wa mfano anayeitwa Mwantumu. Sangara walianza kunuka siku ya tatu. Siku ya tano walimu walihamishia vikao chini ya bendera.

Habari zikaenea. Watu wenye vibao wakaanza kumwita Mwantumu, siyo kufungiwa umeme bali kuzimiwa. Anatoza elfu mbili, na chai. Mtaa wa kwanza ulizimwa wote ndani ya wiki moja, wa pili ukafuata. Jioni ukitazama kutoka bwenini unaona vibatari tu.

Juzi Wizara imetangaza matokeo. Wilaya yetu imemaliza miezi mitatu bila mtu yeyote kudhurika na umeme, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu Sheria ya Kibao ipitishwe. Waziri amejipa nishani. Bwana Gwandumi amepandishwa daraja, na idadi ya vibao itaongezwa mara mbili, kwa kuwa imedhihirika vinafanya kazi.

Bi Kashindye bado anafuata barua yake ya ajira. Kila asubuhi anainama, anapiga goti kwenye maji, peku, na kumfuta Waziri kwa kiganja chake mwenyewe, polepole, kuanzia kwenye paji la uso mpaka kwenye kidevu. Huwa anakimaliza kidevu. Ule msumari wa zamani bado umo kwenye pindo la khanga.

Kibao kinang'aa sana. Ndicho kitu pekee kinachong'aa katika shule yetu.